Nilivyokwenda na Chetezo Kwenye Barafu

Tangu nimerudi, kila anayeingia kwangu kunywa kahawa ananiuliza swali lile lile: "Bi Zuwena, huko kulikuwaje?" Nami najibu, "Baridi." Wengine wameridhika. Nyinyi wenzangu wa kahawa hamkuridhika, khasa wewe Asya, uliyenitazama kwa jicho la "huyu ana lake moyoni." Basi nawaandikia barua hii, yote mara moja, nisije nikarudia rudia. Mambo ya tiketi na visa sisemi, hayana utamu. Na mtu asinikatize mpaka mwisho.

Ibra mpaka Bidbid

Raya mnamjua, binti wa ndugu yangu Nassor wa Sur. Ndiye yule anayefanya kazi Ras al Jinz, anawaonyesha wageni kasa wakitaga mayai. Ambalo wengi hamlijui ni kuwa mtoto huyu, alipokwenda kusoma nchi za baridi, aliingia katika mchezo unaoitwa skeletoni. Mtu analala kifudifudi juu ya kigari cha chuma kisicho magurudumu wala breki, kichwa mbele, kidevu kinakaribia kugusa barafu, kisha anateremka mfereji wa barafu unaopinda pinda mlimani, mbio kuliko gari kwenye barabara ya Sur. Kigari chenyewe wanakiita sledi, na chini kina vyuma viwili virefu, ndivyo vinavyoteleza. Mara ya kwanza nilipoiona video yake nilisema, "Astaghfirullah, nani kamsukuma?" Kumbe hakusukumwa na mtu. Alikimbia kwa miguu yake na akajirusha mwenyewe!

Msimu huu alikuwa na jambo moja tu. Amalize mbio tano za kimataifa, tano zinazohesabiwa, ndipo aruhusiwe kuingia mashindano makubwa ya dunia. Nne alishazimaliza. Imebaki moja, ya mwisho wa msimu, kwenye mashindano ya michezo ya baridi huko milimani Austria. Akimaliza, kaingia. Akitolewa, basi, khalas, kwa sababu kazini kwake walishamwambia mwakani hawampi tena ruhusa ya kuzunguka kutafuta mbio nyengine.

Nassor hakutaka binti yake aende bila mtu wa nyumbani. Mama yake Raya alikuwa na mguu kwenye plasta. Nani kabaki? Mimi, mwalimu mstaafu, sina mume wa kumpikia wala mbuzi wa kuchunga.

Nassor alimleta Raya mpaka mlangoni kwangu Ibra, akanivuta pembeni.

"Dada, nakuomba kitu kimoja. Ukifika huko, kaa. Tazama. Omba Mungu. Lakini usiguse kitu."

"Ati mimi nina tabia ya kugusa?"

"Dada. Friji."

Friji ni khabari ya zamani. Lilikuwa na barafu, nikaibandua kwa kisu, kisu kikaingia pasipotakiwa. Mtu na akili zake hadi leo analo moyoni!

"Haya," nikamwambia, "sigusi."

Nilifunga tende, mabati mawili ya halwa, kahawa, na ndani ya kanga mbili nikakiviringisha kile chetezo changu kidogo cha udongo cha kufukizia, pamoja na udi wa kutosha. Kwetu mtu hatoki kwenda kwenye siku yake kubwa bila kufukizwa. Harusi tunafukiza, Idi tunafukiza, hata mitihani ya skuli marehemu mama alitufukiza sare mpaka mwalimu akapiga chafya. Mbio za tano za Raya nimwache aende ananuka sabuni?

Bidbid, pale njia yetu inapokutana na ile ya Nizwa, tulimchukua mwalimu wake wa mchezo. Anaitwa Haroub, mtu wa Nizwa, wazee wake walitoka Bujumbura.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi si mama yako, niite Bi Zuwena."

"Sawa, mama. Usiwe na presha, kila kitu kiko kwenye programu."

Kiswahili cha bara hicho, mnakijua. Nilimwacha.

Tukasimama kula mishkaki. Haroub aliitoa sledi nje aifunge upya, akaiweka chali karibu na banda, vyuma juu. Mchoma mishkaki akaja, akaizunguka, akaipapasa, akauliza kwa Kiarabu mkaa unakaa wapi. Alidhani ni jiko la kuchomea! Tulipomwambia binti huyu analalia juu yake akateremka mlima wa barafu, akamtazama Raya, akamtazama Haroub, akaniuliza mimi, mkubwa wao: "Na nyinyi mmekubali?"

Tulicheka mpaka machozi. Laiti ningejua.

Maskati mpaka Istanbul

Uwanja wa ndege Maskati walininyang'anya mkaa wangu. Chetezo wakakiacha, udi wakaunusa na wakaniambia mashallah, lakini mkaa hapana, ati unawaka haraka. Haya. Mkaa utapatikana mbele, nikasema, hakuna nchi isiyo na moto.

Istanbul theluji ilianguka, ndege zote zikakaa chini. Tulishinda pale kutoka asubuhi mpaka jua linazama, na kila saa wanatwambia saa moja zaidi. Raya alikaa sakafuni, macho kayafumba, anapinda shingo kulia, anapinda kushoto. Nilidhani mgonjwa.

"Anapita njia kichwani," Haroub akanieleza. "Kona zote kumi na nne. Anazijua kwa moyo."

"Kama mtu anavyohifadhi juzuu."

"Eeh, hivyo hivyo mama."

Pembeni yangu alikuwa bibi wa Kituruki anafuma soksi. Yeye hajui Kiarabu wala Kiingereza, mimi Kituruki sijui hata neno la kuombea maji. Nikafungua bati la halwa, nikampa kijiko. Akala, akafumba macho, akala tena. Kisha akanitazama miguu. Nilikuwa na viatu vya Ibra, vya wazi, vidole vinachungulia. Akapiga ulimi "tch!", akainama, akanivisha soksi mbili za sufu alizozimaliza muda ule ule. Nilimwachia bati zima. Soksi ninazo, Asya, utaziona.

Kwa Bi Trude

Austria tulifikia nyumba ya mbao ya mwanamke mmoja anayeitwa Trude, mjane, mikono yake mikubwa kama ya muuza samaki. Asubuhi anapanda mlimani kwenye kibanda chake cha supu, pale pale mbio zinapoanzia. Jioni anapikia wageni wake.

Siku ya kwanza akaniwekea bakuli la supu lenye donge kubwa katikati. Donge gani? Nyama gani? Raya na Haroub walikuwa mazoezini, hapana wa kumuuliza. Nikalionyesha donge, nikalia kama ng'ombe. Akatikisa kichwa. Nikalia kama mbuzi. Akatikisa. Nikaogopa, nikakoroma kama nguruwe. Bi Trude akakasirika kabisa, akachukua bakuli, akaondoka nalo. Nikajua nimemtukana mwenye nyumba.

Akarudi ameshika mkate mkavu mkononi na yai, akavigonganisha mbele ya uso wangu. Mkate! Donge la mkate na yai, hamna nyama ndani wala nini. Nikala mawili, akanisamehe.

Tangu hapo tukawa mashoga. Asubuhi anasonga unga, mimi nachemsha kahawa yangu, yeye anazungumza kwake, mimi kwangu. Jikoni kwake mna jiko la kuni. Siku ya mbio nilimwonyesha chetezo, akatia makaa bila ya kuuliza. Nikafukiza nguo ya Raya ya mashindano, ile nyeusi inayobana, na nyumba nzima ikanukia. Bi Trude akavuta pumzi ndefu, akaleta na shali lake nilifukize.

Raya aliivaa. Alikuwa hajala. Nikambusu kipaji cha uso.

"Shangazi," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "huko juu vitu yangu usiguse. Hii vyuma khasa. Mkono usiweke."

"Na wewe? Baba yako kakufundisha?"

"Shangazi, wallahi."

"Siweki mkono."

Na sikuweka mkono. Hapo ndipo penye khabari.

Juu, mbio zinapoanzia

Wachezaji walikuwa ishirini na nne, kila mmoja na nchi yake kifuani. Mimi nilikuwa na kadi shingoni, naruhusiwa kuingia. Raya alitoka nje kukimbia kimbia apate joto. Haroub kaenda kwenye mkutano wa makocha. Wakaniacha ndani ya jumba la wachezaji na sledi, imewekwa juu ya vigogo viwili, tumbo wazi kwa chini.

Nikaitazama. Nguo nimeshaifukiza, mtu mwenyewe kanukia. Lakini kinachombeba? Hiki ndicho kitakachompeleka chini salama au kimtupe ukutani. Kiende vivi hivi?

Mkono siweki, nilisema. Lakini kufukiza si kugusa. Moshi hauna mikono.

Nikenda kibandani kwa Bi Trude, akanijazia makaa mekundu. Nikarudi, nikatia kipande cha udi mkubwa, ule wa kuoshea macho ya mahasidi, nikakisukuma chetezo chini ya sledi, katikati ya vile vyuma. Nikasoma nilichokijua. Kwanza upande huu, kisha upande ule, taratibu, kama ninavyofukiza kanzu ya bwana harusi. Moshi ulipanda vizuri. Nilifurahi, msinifiche, na nyinyi mngefurahi.

Haroub akaingia. Akasimama mlangoni, pua juu.

"Mama. Hicho ni nini hapo chini?"

"Udi."

"Kuna moto ndani?"

"Udi unafukizwa kwa maji?"

Sijapata kumwona mtu mweusi akawa rangi ya majivu. Alikivuta chetezo, akagusa chuma kwa kidole, akakirudisha kidole haraka. Ndipo aliponieleza jambo ambalo angenieleza Bidbid, si leo. Chuma cha moto kinateleza zaidi. Kwa hivyo kukipasha moto ni wizi mkubwa kabisa katika mchezo huu, kuliko kumpiga mwenzio teke. Nje, chini ya ukingo wa paa, kumetundikwa kipande cha chuma, na chuma cha kila mchezaji kinapimwa joto lake na kufananishwa na kile. Kikizidi kupita kiasi, mchezaji hakimbii.

Raya akaingia wakati ule. Hakuhitaji kuelezwa, pua anazo. Alikitazama chetezo, akanitazama mimi.

"Shangazi, toka."

Hajapata kuniambia neno kama lile. Mimi niliyemfundisha alifu na bee, niliyemnyonyesha chupa mama yake alipougua. Moyo wangu uliniuma, wallahi, uliuma mpaka nikashika ukuta. Na alikuwa na haki.

Dakika kumi na mbili

Mpima joto alikuwa baba mmoja mrefu, masharubu mekundu. Akaweka kipimo chake kwenye chuma cha kwanza, akanusa, akaweka kwenye cha pili, akanusa tena. Akatikisa kichwa.

Haroub alianza kuongea mbio mbio, wale wakubwa wa mashindano wakamtazama kwa macho mabaya. Niliona wanamdhania yeye. Watamwita mwizi, mtu wa watu, kwa kosa langu! Nikapita katikati yao, nikakiinua chetezo juu, majivu na kila kitu, nikajipiga kifua.

"Mimi," nikasema kwa Kiingereza, neno nililonalo. "Me. Me. He no. She no."

Nikamsogezea yule mwenye masharubu anuse. Nikaonyesha nguo yangu, nikafukiza ukingo wa buibui mbele yake aelewe. Kwetu ni dua, nikamwambia Haroub atafsiri, mwambie ni dua wala si wizi. Wakashauriana. Yule mwenye masharubu akajibu, na Haroub akanitafsiria: dua wameielewa, lakini kipimo hakijui dua. Mlango wa kupima unafungwa baada ya dakika kumi na mbili. Sledi itoke nje. Hapana ruhusa kuipaka theluji wala kuifuta, hewa tu. Ikipoa kabla ya muda, Raya anakimbia. Isipopoa, basi.

Wakaiweka nje juani, na watu wakajaa. Wachezaji, makocha, wapiga picha, kila mtu anainama kunusa, wanasema "mmm" na kuipumulia. Nikaona pumzi zao zinatoka nyeupe, za moto, zinaangukia pale pale kwenye chuma.

Miaka thelathini nimefundisha skuli. Sauti ile bado ninayo.

"ONDOKENI! Nyote! Mnampa joto mtoto wangu!"

Kwa Kiswahili, ndiyo. Wakaondoka, mabingwa wa dunia wamejipanga ukutani kama darasa la pili.

Lakini jua lilikuwa pale pale. Nikainua macho, nikakiona kile chuma chao cha kupimia. Kimetundikwa kivulini, hakigusi ukuta, upepo unapita pande zote. Nikasema, loh! Zuwena mjinga wewe, hii si jahla?

Mnaikumbuka jahla ya baba, ule mtungi wa maji? Haikukaa chini hata siku moja. Ilining'inia kwenye ule ujia baina ya nyumba na stoo, kwenye kivuli, pale upepo unapopita. Nje ardhi inaunguza nyayo, na maji ya jahla yanauma meno. Nani katika Ibra hajui pa kutundika jahla?

Baina ya kibanda cha Bi Trude na jumba la wachezaji palikuwa na ujia mwembamba, kiza, na upepo wake unakata masikio.

"Haroub, beba!"

"Wapi, mama?"

"Beba, usiniulize! Raya, shika upande wa pili. Isiguse chini!"

Raya alinitazama. Nilidhani atakataa. Kisha akaikamata. Wakaisimamisha katikati ya ujia, wameishika kwa vishikio tu, mikono imenyooka, vyuma vinatazama upepo. Sledi ile nzito, jamani, uzito wa gunia la mchele na zaidi. Mikono ya Raya ilianza kuchoka, na hiyo ndiyo mikono ya kwenda kuendeshea. Bi Trude akatoka, akatazama, hakuuliza, akaushika upande wa Raya kwa ile mikono yake ya muuza samaki.

Masharubu akapima. Bado. Zimebaki dakika tano.

Nikasoma Ayatul Kursiy. Nikasoma tena. Miguu nilikuwa siisikii ila kwenye soksi za yule bibi. Nikamwambia Mungu, adhabu yangu nipe mimi, Ibra, taratibu, lakini mtoto huyu mbio nne amezimaliza, usimkatie njia kwa ajili ya mwanamke mkaidi.

Akapima tena. Akatazama saa. Akakipima kile chuma chao, akarudi, akapima chuma cha kwanza, cha pili. Akaandika kitu kwenye karatasi.

Kisha akamtazama Raya, akainua kidole gumba.

Chini

Raya aliichukua sledi bila kunitazama. Taa ikawaka kijani, akainama, akakimbia, akajirusha, akapotea. Nikamwona kwenye televisheni kubwa. Kona ya tisa bega likapiga ukuta, mguu ukatoka, sledi ikaenda upande. Nilipiga ukelele. Akairudisha, sijui kwa kitu gani, kwa kidevu au kwa roho. Akafika.

Mbio zenyewe ni kuteremka mara mbili, ndipo zihesabiwe. Alipanda tena kwa gari. Nikajificha kibandani nyuma ya masufuria. Akaja moja kwa moja, akasimama mbele yangu, bega limevimba.

"Kona ya tisa," akasema, "mimi sikuona kitu, Shangazi. Niliogopa. Nikasema basi, naanguka. Halafu kwenye kola nikasikia ile udi. Nikasema, kumbe niko na watu wangu."

Akanitilia helmeti yake mapajani.

"Fukiza kofia tu. Chuma usiguse."

Nilifukiza kofia huku nalia ndani yake. Na yule mwenye masharubu akaja, nikadhani balaa jengine. Kumbe amevua koti, ananipa.

Mara ya pili Raya hakugusa ukuta hata mmoja. Alikuwa wa ishirini na mbili katika watu ishirini na nne, na mbio zake zikaandikwa. Tano, timamu. Haroub alikaa kwenye theluji akalia, na Bi Trude akamtia bakuli la supu mkononi.

Nassor akapiga simu.

"Dada! Kashinda?"

"Kafika, Nassor. Kafika."

Nikamsikia anavuta makamasi, yule mwanamume mzima. Kisha akaniuliza, nilijua tu ataniuliza:

"Na wewe? Hukugusa kitu?"

"Niguse nini mimi?"

Hiyo ndiyo "baridi" niliyokuwa nawajibuni wiki zote hizi. Raya hakunisema, wala Haroub. Lakini Asya atampelekea mke wa Nassor barua hii, najua, naye atamsomea mumewe. Basi sikiliza, ndugu yangu. Niligusa. Na mashindano makubwa nimeshaambiwa na mwenyewe Raya nifunge safari, nije na chetezo. Nitagusa tena. Kofia tu.